Majani elfu mbili na mkia mmoja: kwa nini kamera yako haiwanasi wanyama wa usiku

*"Naishi Mang'ula, na shamba langu la ndizi na kokoa linapakana na msitu wa Udzungwa. Nilinunua kamera ya kutega, ile inayojipiga yenyewe mnyama akipita, nikaifunga kwenye mti kimo cha kifua, inaangalia njia ya wanyama upande wa mashariki. Ndani ya wiki tatu imepiga picha zaidi ya elfu mbili, karibu zote majani. Usiku napata macho mawili yanayong'aa katikati ya weupe kama ukungu, au mkia unaoishia pembeni mwa picha. Rafiki yangu anasema ule mwanga mwekundu ndio unaowafukuza, ninunue kamera ya flashi nyeupe. Mwingine anasema niweke ndizi mbivu na dagaa mbele yake. Mimi nataka kuwajua wanyama wanaopita shambani kwangu usiku, na nikipata picha nzuri ya rangi nitafurahi zaidi. Nianzie wapi?"*

Anzia kwa kutonunua chochote. Najua ukishakaa jioni nzima ukipekua picha elfu mbili za majani ya mgomba, wazo la kwanza ni kwamba umeuziwa kamera mbovu. Lakini kwa maelezo yako kamera ni nzima. Inafanya kazi yake sawasawa, ila imewekwa mahali ambapo kazi yake haina faida. Una matatizo matatu tofauti, majani, mikia na ukungu, na kila moja lina chanzo chake. Tuyachukue moja moja, halafu turudi kwa marafiki zako wawili.

Kwanza tuelewe kamera inavyojua kwamba kuna mnyama, maana hapa ndipo wengi wanapopotea. Wengi wanaamini kwamba zile taa nyekundu ndizo zinazomtafuta mnyama gizani. Sivyo. Ndani ya kamera kuna vitu viwili visivyotegemeana. Kuna kihisi, kile kilichofunikwa na kiplastiki cheupe chenye vimistari, na kuna taa. Kihisi hakitoi mwanga wala mlio wowote. Kazi yake ni kupokea tu joto linalotoka kwenye kila kitu kilicho mbele yake: ardhi, shina la mti, majani, mnyama. Nyuma ya kile kiplastiki kuna kipande kidogo cha fuwele ambacho joto likibadilika hutoa umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaoiamsha kamera. Vile vimistari vinaigawa sehemu ya mbele katika kanda nyingi nyembamba, ili kitu chenye joto kinapotoka kanda moja kuingia nyingine, fuwele ihisi mabadiliko. Ni kama mtu aliyefumba macho jikoni: hamwoni anayepita na sufuria ya moto, lakini uso wake unajua kwamba imepita. Sufuria ikitulia mahali pamoja, au ikiwa na joto lilelile la chumba, hajui kitu.

Kwa hiyo kihisi kinahitaji mambo mawili kwa pamoja: tofauti ya joto, na mwendo. Na joto lenyewe ni la juu ya manyoya na ngozi, halihusiani sana na joto la ndani ya mwili. Ndiyo maana mchana wa jua kali katika bonde la Kilombero mnyama anaweza kupita mbele ya kamera isishtuke, kwa sababu manyoya yake na ardhi nyuma yake vina joto linalokaribiana. Usiku ardhi ikipoa, mnyama yuleyule anajitokeza wazi kwa kihisi. Kwa anayetafuta wanyama wa usiku, hiyo ni neema kubwa.

Sasa majani. Fungua picha zako uangalie saa iliyoandikwa chini. Nina uhakika mkubwa kwamba nyingi zimepigwa kati ya saa tatu asubuhi na saa kumi jioni. Jani la mgomba ni pana, linashika jua upesi, na upepo mdogo tu unalitikisa. Jani lililopata joto likipepea mbele ya kivuli cha msitu, kihisi kinapata vyote viwili, tofauti ya joto na mwendo, na hakina njia ya kujua kwamba hilo ni jani. Kuitazamisha mashariki kumeongeza shida, kwa sababu jua la asubuhi linapiga kihisi na lenzi moja kwa moja. Igeuze itazame kaskazini au kusini. Chagua nyuma ya njia pawe na kitu kizito kisichotikisika, kama gogo, kichuguu au kingo ya udongo. Kisha kata majani na nyasi zote kati ya kamera na njia, hata lile jani moja unaloona haliwezi kudhuru. Jani hilohilo litakusumbua na usiku pia, nitaeleza. Na kama menyu ya kamera yako ina sehemu ya kuchagua saa za kazi, iwashe kuanzia saa kumi na mbili jioni hadi saa kumi na mbili asubuhi, na mchana ipumzike.

Hapo kuna mtego mdogo wa saa. Kamera inahesabu kwa mtindo wa saa 24, kwa hiyo saa tisa usiku kwake ni 03:00. Nimeona kamera zilizowekwa kwa saa yetu ya Kiswahili moja kwa moja, na matokeo yake ni komba anayeonekana kutembea saa tisa alasiri. Saa ikikosewa, nusu ya thamani ya picha imepotea, kwa sababu habari kubwa ya mnyama wa usiku ni saa anayopita.

Mikia inatokana na kimo na pembe. Kimo cha kifua kinamfaa binadamu. Ngawa mzima begani hafiki nusu mita, kanu na nguchiro ni wafupi zaidi, na panya buku anatambaa chini kabisa. Kihisi kilichofungwa kifuani kinatazama juu ya migongo yao, na kinashtuka wakiwa wameshafika mbali au wanaondoka. Shusha kamera hadi sentimita 30 au 40 kutoka ardhini, sambamba na ardhi, mita tatu hivi kutoka kwenye njia. Wapenda picha wengi hawapendi kuishusha kiasi hicho kwa kuogopa matope, lakini kwa wanyama wa ukubwa huu hapo ndipo mahali pake, na picha yenyewe inapendeza zaidi kwa sababu unamtazama mnyama usawa wa uso wake.

Pembe nayo ina siri yake. Mnyama anayekuja moja kwa moja kuelekea kamera anabaki ndani ya kanda moja ya kihisi kwa muda mrefu, kwa hiyo kamera inachelewa kumhisi. Anayekatiza mbele yake anahisiwa mara moja, lakini kamera za bei nafuu huchukua karibu sekunde nzima tangu kuhisi hadi kupiga, na ndani ya sekunde hiyo ngawa anayetembea zake polepole ameshavuka mita moja. Unabaki na mkia. Dawa ni kuiweka kamera kwa mshazari, nusu ya pembe mraba na njia, ili mnyama akatize kanda na wakati huohuo abaki ndani ya picha. Ukimaliza kufunga, weka kamera kwenye hali ya majaribio, halafu pita mbele yake ukitambaa kwa mikono na magoti. Watoto watacheka, lakini ndicho kipimo cha kweli: taa ndogo ikiwaka ukiwa katikati ya njia, umepatia. Ikiwaka umeshapita, irekebishe.

Tuje kwenye ukungu. Hapa ndipo zile taa zinapoingia. Kihisi kikishashtuka, kamera inawasha taa zake za infraredi, mwanga ambao macho yetu hayauoni au yanauona kidogo tu, na picha inatoka nyeusi na nyeupe. Weupe unaouona unaweza kuwa wa aina tatu, na picha yenyewe itakwambia ni upi. Ikiwa picha nzima ni kama maziwa, na hali inazidi kuelekea alfajiri, huo ni umande juu ya lenzi. Futa kwa kitambaa laini kikavu, weka ndani ya kamera vile vipakiti vya kukausha unyevu vinavyokuja na viatu vipya, na angalia kama mpira wa mlango umechafuka. Ikiwa weupe uko kona moja na kwingine kote ni giza, kuna jani au utando wa buibui karibu na taa. Kitu hicho kinarudisha mwanga wote, kamera inadhani kuna mwanga wa kutosha, na mnyama aliye nyuma anabaki gizani. Lile jani moja ndilo hilo. Na ikiwa mandhari ni sawa ila mnyama peke yake amekuwa mweupe kama karatasi, yuko karibu mno na taa. Rudisha kamera nyuma, au bandika juu ya baadhi ya taa vipande viwili vitatu vya ile selotepu ya karatasi wanayotumia wapaka rangi. Usifunike kihisi wala lenzi.

Macho yanayong'aa hayana dawa na hayahitaji dawa. Wanyama wengi wa usiku wana utando ndani ya jicho, upande wa nyuma, unaorudisha mwanga ili wapate kuona vizuri gizani, na utando huo unarudisha mwanga wa kamera yako vilevile. Ukiona macho makubwa yaliyokaribiana, juu kwenye tawi, mara nyingi ni komba.

Sasa rafiki wa mwanga mwekundu. Ana sehemu ya ukweli. Taa za infraredi ziko za aina mbili kuu: za nanomita 850 (nanomita ni kipimo cha urefu wa mawimbi ya mwanga), ambazo ukizitazama unaona vidoa vyekundu hafifu, na za nanomita 940, ambazo huoni kitu. Wanyama wengine wanaziona zile za kwanza, na utawakuta pichani wameinua kichwa kuitazama kamera. Wengine hushtushwa na mlio mdogo wa kichujio cha mwanga kinachosogea nyuma ya lenzi, au harufu ya mikono yako kwenye kamba. Lakini kutazama na kukimbia ni mambo mawili. Wengi hutazama, hunusa, kisha hupita. Za 940 zina gharama yake pia, kwani mwanga wake haufiki mbali na picha hutoka na chembechembe zaidi. Kama unaogopa wezi kuliko unavyojali ubora wa picha, hapo 940 ina maana.

Kuhusu flashi nyeupe, nitasema ninavyoamini: kwa lengo lako la kwanza, la kuwajua wanyama wanaopita, huihitaji. Flashi nyeupe inaonekana na kila mtu aliye karibu, inakula betri, na baadhi ya wanyama wakishamulikwa mara moja wanabadilisha njia. Usidhani pia kwamba picha nyeusi na nyeupe ni picha pungufu. Madoa ya kanu yanaonekana vizuri sana kwa infraredi, na kwa madoa hayo unaweza kujua kama ni kanu mmoja anayerudi kila usiku au ni watatu. Hata chui mweusi, ambaye kwa macho yetu anaonekana mweusi mtupu, madoa yake hujitokeza chini ya mwanga huo.

Picha nzuri ya rangi ni kazi nyingine kabisa. Zile picha za chui mweusi wa Laikipia, Kenya, zilizozunguka dunia mwaka 2019, mpiga picha Will Burrard-Lucas alizipiga kwa kamera ya kawaida ya wapiga picha ndani ya kasha, ikiunganishwa na kihisi cha pembeni kisichotumia waya na flashi kadhaa zilizowekwa pande tofauti. Flashi za aina hiyo huwaka kwa muda mfupi mno, kwa hiyo mnyama haachi ukungu wa mwendo, na rangi inatoka ilivyo. Wazo la kutumia flashi usiku ni la zamani hapa kwetu: Mjerumani Carl Georg Schillings alikuwa akiwapiga picha wanyama wa usiku kwa unga wa magnesi katika nyika za Kilimanjaro mwanzoni mwa karne ya 20. Ukitaka kufika huko, kamera ya mtumba na flashi mbili za mtumba zinatosha, lakini bado ni fedha nyingi, na kuweka mwanga vizuri kunataka subira ya miezi. Jambo moja tu nakuomba kwa dhati: flashi ikiharibika usiifungue mwenyewe. Ndani yake kuna kapasita inayohifadhi umeme mkali hata betri zikiwa zimetolewa. Mpelekee fundi wa kamera.

Rafiki wa ndizi na dagaa simuungi mkono hata kidogo. Hapo ulipo ndizi mbivu inaita tembo, na tembo akishajua kwamba kwako kuna ndizi zilizotandikwa chini, hataishia kwenye kamera. Dagaa watavuta nyegere na ngawa karibu na banda la kuku. Chakula kimoja kinachokusanya wanyama wengi kinakusanya na magonjwa yao. Na utakachopiga kitakuwa mnyama aliyeitwa, wakati wewe ulitaka kujua nani anapita kwa hiari yake.

Badala ya chambo, soma ardhi. Hapa ndipo ningetumia muda mwingi kuliko kwenye menyu yoyote ya kamera. Ngawa ana tabia ya kurudi kujisaidia mahali palepale. Ukikuta rundo la kinyesi kipya juu ya cha zamani, kimejaa mbegu za matunda na vipande vya pete za jongoo, umepata mahali pa uhakika kuliko njia yoyote. Tafuta gogo lililoanguka juu ya kijito, kwa sababu wanyama wadogo hawapendi kulowa kama sisi, na gogo ni daraja la kila mtu. Tafuta mkuyu unaodondosha matunda. Tafuta mwiba wa nungunungu njiani, na alama za meno yake kwenye mizizi. Baada ya mvua ya jioni, nenda alfajiri kabla watu hawajapita utazame nyayo: nyayo za jamii ya paka hazina alama za kucha, za nyegere zina kucha ndefu zilizotangulia mbele ya vidole. Mahali penye alama mpya za wanyama wa aina mbili au tatu, hapo funga kamera, na uiache wiki mbili bila kuikaribia. Kila unapokwenda kuchungulia unaacha harufu.

Mengine kwa haraka. Betri za lithiamu zinadumu kuliko alkalini, na hazichoki taratibu hadi taa za usiku zififie. Memori kadi ifutwe ndani ya kamera yenyewe, usiifutie kwenye simu. Sisimizi hupenda kutaga mayai ndani ya kasha, kwa hiyo ziba matundu. Kama tembo wanapita hapo, funga kamera juu zaidi ya mita mbili ikitazama chini, au ukubali kwamba siku moja utaikuta imekanyagwa.

Kuna mpaka ambao lazima uuheshimu. Shambani kwako unaweza kufunga kamera, lakini usivuke ndani ya hifadhi hata hatua kumi. Kuingia na kutega chochote humo kunahitaji kibali, na askari atakayekukuta usiku na vifaa hatakuwa na sababu ya kuamini maelezo yako. Waambie majirani na mwenyekiti wa kitongoji kwamba una kamera na inatazama wapi. Picha za watu waliopita zifute, usizionyeshe mtu. Ikinasa watu wenye bunduki au mitego ya nyaya, usiwafuate wala usiwaulize, peleka picha kimya kimya kwenye ofisi ya hifadhi. Na ukibahatika kumnasa kakakuona, usiiweke picha mtandaoni ikiwa na jina la mahali. Wanaomtafuta kwa ajili ya magamba yake nao wanasoma mitandao.

Yapo mambo ambayo kamera na mimi hatuwezi kuyatatua kwa maandishi. Ukinasa chui au simba anayerudi karibu na nyumba, au tembo wanaoingia shambani, mwone ofisa wanyamapori wa wilaya au askari wa hifadhi siku hiyohiyo, na usiende kuangalia kamera peke yako. Mnyama wa usiku akionekana mchana kweupe, amelegea, hamwogopi mtu au anang'ata hovyo, mfikirie kichaa cha mbwa. Mjulishe ofisa mifugo, na mtu aking'atwa au kukwaruzwa, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali bila kusubiri dalili.

Na ukipata mnyama usiyemtambua, usikate tamaa wala usimbatize jina upesi. Milima unayoishi chini yake ina historia ya kushangaza kwa kamera hizihizi. Kuna jamii ya kanu iliyojulikana kwa ngozi moja tu iliyokusanywa mwaka 1932, hadi watafiti Daniela De Luca na Noah Mpunga walipompiga picha kwa kamera za kutega Udzungwa mwaka 2000. Minde, swala wa msituni anayetembea zaidi usiku, alipigwa picha porini kwa mara ya kwanza mwaka 2003, humohumo. Sange mwenye uso wa kijivu, mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga, alijitokeza kwenye picha za mwaka 2005, na mwaka 2008 akatangazwa kuwa spishi mpya. Watafiti wanafanya kazi hapo Mang'ula, na ofisi ya hifadhi itakuelekeza kwao. Wapelekee faili lenyewe lilivyotoka kwenye kadi, si picha iliyopita WhatsApp, maana huko hupungua ubora na huenda taarifa za saa zikafutika. Pia rudi mahali pale mchana usimamishe fimbo uliyoitia alama kila sentimita kumi, palepale aliposimama mnyama, uache kamera iipige. Kwa fimbo hiyo watajua ukubwa wake, na kwa ukubwa wataanza kumtenga na jamaa zake.